Mkono wa Mwuguzi Nao ni Dawa

Mtu akilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, jamaa zake hutoka humo wakisimulia habari za mashine: mpira uliopitishwa kinywani, taa zinazowaka na kuzimika, chombo kinacholia kila mara. Wana haki kustaajabu, maana vyombo hivyo huokoa wengi. Lakini ni wachache wasimuliao habari za mwuguzi aliyesimama kando ya kitanda tangu alfajiri. Wako hata wadhaniao kwamba upole wake ni adabu njema tu, na kwamba usipokuwapo mgonjwa atapona vile vile. Sivyo. Na tuone kwa nini.

Chumba hiki kilianzaje?

Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmark, uliingiliwa na ugonjwa wa polio. Wagonjwa wengi, hasa watoto, walipooza misuli ya kupumulia. Katika hospitali ya Blegdam mashine za kuwapumulisha zilikuwa chache mno, tena hazikufaa sana: katika majuma matatu ya kwanza wagonjwa 27 kati ya 31 waliotiwa katika mashine hizo walikufa. Ndipo daktari Bjørn Ibsen aliposhauri watobolewe kooni, uingizwe mpira, na hewa isukumwe kwa mkono kutoka katika mfuko.

Mikono ikatoka wapi? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, wapata 1,500, wakapokezana zamu usiku na mchana, wauguzi wakiwa pamoja nao. Kila mmoja aliketi kando ya mgonjwa wake akiubana mfuko. Kwa kuwa mgonjwa hakuweza kusema, walijifunza kumsoma usoni. Na watoto waliwasomea hadithi huku mkono ukifanya kazi. Vifo vikapungua hata ikawa karibu robo tu ya wagonjwa wanakufa. Mwaka 1953 Ibsen akafungua mjini humo chumba cha wagonjwa mahututi. Basi kumbukeni kwamba kabla chumba hiki hakijajaa mashine, kilianza kwa mtu mmoja kukaa na mgonjwa mmoja bila kumwacha.

Matendo madogo, faida kubwa

Mgonjwa akilala upande mmoja kwa saa nyingi hupata vidonda penye mifupa, mgongoni na visiginoni. Kwa hiyo mwuguzi humgeuza kila baada ya muda. Mate machafu yakishuka mapafuni huleta kichomi. Kwa hiyo humsafisha kinywa na kuinua kitanda upande wa kichwa. Hunawa mikono kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, maana kila mpira ulioingizwa mwilini ni mlango wa maradhi. Kazi hizi hazifanywi vema na mtu amwonaye mgonjwa kama gogo.

Tena wengi katika chumba hiki huweweseka. Huona watu wasiokuwapo, hawajui kama ni usiku au mchana, na pengine hujaribu kuung'oa mpira. Jambo hili si dogo, kwa sababu huwarefushia siku za kulazwa, na wengine husahausahau hata baada ya kurudi nyumbani. Mwuguzi mwema husaidia kulipunguza. Humwita mgonjwa kwa jina, humwambia ni siku gani na yuko wapi, humvalisha miwani yake, na usiku hupunguza taa na makelele ili apate usingizi.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli, lakini mgonjwa huyu yafaa aambiwe: "Baba, sasa nakugeuza. Usiogope, nimekushika." Hata akionekana amelala fofofo asinyimwe neno hilo, maana wako waliopona wakaeleza waliyoyasikia. Na mwuguzi amjuaye hivyo mgonjwa wake huona uso uliokunjamana kwa maumivu, au jasho lisilo la kawaida, pengine kabla chombo hakijalia.

Kinachoachwa kwanza

Wauguzi wa nchi 12 za Ulaya waliulizwa ni kazi gani zilizoachwa katika zamu yao kwa kukosa wakati. Majibu yao yalitangazwa mwaka 2014. Kazi iliyotajwa na wengi kuliko zote, zaidi ya nusu yao, ni kuzungumza na wagonjwa na kuwafariji. Mwaka huo huo uchunguzi mwingine, wa hospitali 300 katika nchi 9, ulionyesha kwamba kila mwuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa waliopasuliwa kufa katika siku 30 uliongezeka kwa asilimia 7. Hizo zilikuwa wodi za kawaida. Je, itakuwaje kwa mgonjwa asiyeweza hata kuita?

Kwa hiyo tusimwachie mwuguzi lawama zote. Ukali kwa mgonjwa hauna udhuru. Lakini mtu mmoja aliyepewa vitanda vingi kupita kiasi hataweza kumfariji kila mmoja, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Wenye kusimamia hospitali, zikiwamo hospitali za makanisa yetu, wanunuapo mashine na wahesabu pia mikono.

Nasi jamaa tufanye nini?

Mwambieni mwuguzi mgonjwa wenu huitwaje nyumbani, na lugha gani aielewa zaidi, maana bibi aliyezoea Kisukuma au Kihaya atatulizwa zaidi na lugha yake. Leteni miwani yake. Naweni mikono, mmshike mkono, msali kwa sauti ya upole. Msigombanie shamba wala gharama juu ya kitanda chake, kwa sababu huenda anasikia.

Yule Msamaria mwema hakumhurumia majeruhi kwa macho tu. Alimfunga vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akamwuguza nyumba ya wageni, na kesho yake akamwachia mwenye nyumba fedha ili kazi iendelee. Hivyo ndivyo afanyavyo mwuguzi, na asubuhi humkabidhi mwenzake wa zamu. Mtokapo chumbani, basi, mwulizeni jina lake, mkamshukuru.