Si kila mtoto anayehema na kutapika ana malaria

Mtoto anatapika, anahema na amelegea. Wazazi wengi huwaza malaria au nimonia. Lakini kama kwa siku au wiki kadhaa amekuwa akinywa maji kupita kawaida, kukojoa mara kwa mara na kukonda ingawa anakula, apimwe sukari haraka.

Huenda ana ketoasidosisi ya kisukari. Mwili ukikosa insulini, sukari hubaki kwenye damu na haiwezi kutumika. Mwili huanza kuchoma mafuta, na ketoni zinazotokana na mafuta hayo huifanya damu kuwa na asidi nyingi. Asipotibiwa, mgonjwa hupoteza fahamu na anaweza kufa.

Huwapata zaidi wenye kisukari aina ya kwanza, na kwa watoto wengi ndiyo dalili inayofichua ugonjwa. Hata mtu mzima mwenye aina ya pili anaweza kuipata akiugua sana au akiacha dawa.

Dalili za hatari

• Kutapika na maumivu ya tumbo
• Kupumua kwa kasi na kwa kina
• Pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana
• Kusinzia au kuchanganyikiwa
• Mtoto kurudia kukojoa kitandani

Vipimo na matibabu

Tone la damu ya kidole huonyesha sukari; ikizidi milimoli 11 kwa lita, hupimwa ketoni kwenye damu au mkojo, na asidi ya damu. Kukutwa na malaria hakuondoi uwezekano wa kisukari, hivyo omba vyote vipimwe. Kabla ya majibu, usimpe soda wala glukosi ya unga ili "apate nguvu".

Matibabu ni ya hospitali: dripu ya maji ya chumvi, insulini na potasiamu, huku vipimo vikirudiwa. Kwa watoto maji hurudishwa taratibu, kwa kuwa ubongo unaweza kuvimba.

Kwa anayetumia insulini

Usiache insulini unapougua, hata kama huli. Ugonjwa mara nyingi hupandisha sukari. Kunywa maji, pima sukari kila baada ya saa tatu au nne, na muulize daktari wako kuhusu dozi. Ukitapika mfululizo, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali.