Askari wa Tabora juu ya meza, na wapagazi je?

Hapa Bunia mtu akisema "tucheze vita", wazazi wanamwangalia vibaya, na wako na sababu. Lakini kule Ulaya kuko wapapa wazima ambao jioni wanakaa mezani na jeshi la sanamu ndogo ndogo, za urefu wa milimita 28, kama kipande cha juu cha kidole gumba. Wanazipaka rangi, wanazipanga, halafu wanapigana kwa kurusha dadu. Na kati ya majeshi hayo liko moja letu: Force Publique ya Congo, ile iliyoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, chini ya Jenerali Tombeur.

Wachimbaji watauliza kwanza madini. Zamani sanamu hizo zilikuwa za risasi. Tangu miaka ya 1990, kwa kuwa risasi ni sumu, viwanda vingi vilihamia mchanganyiko wenye bati mingi, na bati inatoka katika kasiteriti, kama ile ya Walikale na Maniema. Nyingine ni plastiki tu. Kwa hiyo ukipata ya zamani, usiiyeyushe jikoni kwa mama. Zebaki tayari inatutosha.

Kupaka kunataka subira. Sanamu inaoshwa kwa sabuni, inabandikwa juu ya kifuniko cha chupa ili vidole visiiguse, inapakwa rangi ya kwanza, nyeusi ao nyeupe, kisha ngozi, nguo na bunduki. Chini yake wanatia gundi na mchanga. Ni kwenye nguo ndipo mtu anakosea haraka. Mwaka 1914 askari wa Congo alivaa buluu, na kofia nyekundu, na mshipi mwekundu. Kaki ilikuja vita ikiwa imeshaanza. Na wengi walitembea miguu wazi. Usimpake viatu, ndugu!

Kinachotusumbua sisi ni upangaji. Katika michezo mingi sanamu moja inasimama kwa askari wengi, sawa. Lakini wapagazi? Congo ilitoa katika vita hiyo wapagazi wanaohesabiwa kama 260,000, na askari hawakufika hata sehemu ya kumi ya hesabu hiyo. Unga, masanduku ya baruti, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, vyote vilipanda milima juu ya vichwa na mabega. Wengi walikufa njiani kwa kuhara na uchovu, bila kuona adui. Huku Kilo, ambako dhahabu inajulikana tangu 1903, mababu wetu pia walilazimishwa kubeba. Kijana anayepandisha mfuko wa mchanga kutoka shimoni hana haja ya kuelezwa.

Tungepewa meza hiyo, tungetia wapagazi kumi nyuma ya kila askari: kitambaa kiunoni, sanduku kichwani, shingo imekaza. Na mgongoni tone moja la vanishi, ili jasho lionekane.