Dawa ya Shaba na Samaki Wako

Wewe mkulima mwenye kahawa juu na bwawa la samaki chini, soma habari hii kabla ya kutia dawa tena. Dawa ya shaba huzuia kutu ya majani na ugonjwa wa buni, lakini dawa hiyo hiyo ikiteremka bwawani yaweza kukumalizia samaki.

Usidhani kwamba shaba ni sumu tu. Samaki huihitaji, kama wewe na ng'ombe wako mnavyoihitaji, ila kidogo sana. Miligramu 3 hadi 5 hivi katika kila kilo ya chakula zatosha.

Shaba humwingia samaki kwa njia mbili. Ya kwanza ni chakula. Utumbo huichukua, na damu huipeleka kwenye ini. Ini ndilo ghala: huweka inayohitajika, na inayozidi huitia katika nyongo, ikatoka pamoja na mavi. Njia ya pili ni mashavu, yale mekundu anayopumulia. Wataalamu waliochunguza trauti wameona kwamba samaki aliyepata shaba ya kutosha katika chakula huchukua kidogo majini, na aliyeikosa katika chakula huchukua zaidi.

Basi hatari iko wapi? Iko kwenye mashavu. Samaki wa maji baridi ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji anamoishi. Chumvi humtoka mchana na usiku, naye huirudisha kwa mashavu. Shaba hupita mlango ule ule wa chumvi. Ikija nyingi kwa ghafula huuziba mlango huo, na chumvi iliyo mwilini huzidi kutoka. Hapo ini haliwezi kumwokoa.

Gramu 1 ya shaba ikiyeyuka katika lita 20,000 za maji yasiyo na chokaa nyingi yaweza kuua trauti wachanga. Perege na kambare ni wagumu zaidi, lakini nao wana mpaka wao. Chokaa katika maji hupunguza ukali wa shaba. Maji ya mvua na ya vijito vingi vya milimani hayana chokaa nyingi. Tena shaba haiozi, bali hutua katika tope na kukaa humo.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Usioshe bomba wala ndoo ya dawa mtoni au bwawani. Oshea ndani ya kahawa, mbali na maji.

2. Usitie dawa mvua ikiwa karibu kunyesha.

3. Acha ukanda wa majani kati ya kahawa na bwawa, na uchimbe mtaro wa kukinga maji ya mvua yasiingie bwawani.

4. Samaki wakianza kufa, usiwale wala usiwauze. Mwite afisa wa uvuvi upesi.

Mkumbuke pia jirani yako wa chini. Maji yakitoka kwako, yeye ndiye anayeyapokea.