Je, Wajua? Cheti Hakimalizi Habari ya Mtu

Kijana anaingia chumba cha usaili, bahasha ya kaki kwapani. Baada ya dakika chache, watu asiowajua watakata shauri juu yake. Watajuaje kama kazi ataiweza?

• Je, wajua kwamba Leonardo da Vinci naye aliandika barua ya kuomba kazi? Takriban mwaka 1482 alijinadi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, akianza na madaraja ya kijeshi, mizinga na magari ya vita. Uchoraji aliutaja mwishoni. Alianza na shida ya mwajiri, sifa zake nyingine zikafuata.

• Je, wajua kwamba Thomas Edison aliwapa waombaji kazi mtihani wa maswali zaidi ya 100 ya kila namna? Mwaka 1921 Albert Einstein aliulizwa mojawapo, kasi ya sauti. Akajibu kwamba habari kama hiyo haibebi kichwani, maana imo vitabuni.

• Je, wajua kwamba sifa moja huweza kumpofusha msaili? Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alichunguza alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa askari wao. Aliyeonekana bora kwa jambo moja alipewa alama nzuri karibu katika kila jambo. Wahenga walikwisha kusema: ukipenda, chongo huita kengeza.

• Je, wajua kwamba mwaka 1952 okestra ya Boston Symphony ilianza kuwasaili wanamuziki nyuma ya pazia? Okestra nyingine zilifuata, na baadhi zikatandika zulia ili mlio wa viatu usimtambulishe mwanamke. Sikio likabaki na kazi yake: kusikia muziki.

• Je, wajua kwamba jina pekee laweza kukunyima usaili? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma wasifu wa kubuni takriban 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Wenye majina ya Kizungu waliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya wenye majina ya Wamarekani Weusi, ingawa sifa zililingana.

• Je, wajua kwamba akili hisia ni dhana changa katika vitabu? Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliifafanua mwaka 1990, na kitabu cha Daniel Goleman kikaieneza mwaka 1995. Ni uwezo wa kutambua hisia zako na za mwenzako, na kuzitawala zako. Karani anayefokewa na mteja, akamsikiliza hadi akapoa, anayo.

• Je, wajua kwamba kutabasamu kazini ni kazi? Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika juu ya wahudumu wa ndege, ambao hutakiwa kuonyesha uchangamfu hata wanapoumia moyoni. Uchovu wa namna hiyo hauonekani mikononi, lakini upo.

• Je, wajua kwamba usaili wa soga hupima vibaya? Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kuwa kuwauliza waombaji wote maswali yaleyale, na kuwapa alama kwa kipimo kimoja, hutabiri utendaji vizuri zaidi kuliko maongezi yasiyo na mpango.

• Je, wajua kwamba nchini Tanzania fundi aliyejifunzia kazi gereji au kwenye ujenzi, bila kukaa darasani, anaweza kupimwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) na kupewa cheti cha ujuzi alionao? Hapo ujuzi umetangulia, karatasi ikafuata.

Tunasema chema chajiuza. Lakini kitajiuza vipi kwa mnunuzi aliyekwisha kuamua kwa kusoma jina tu? Basi mwajiri, mpe mwombaji kipande cha kazi yenyewe, umtazame akiifanya na jinsi anavyozungumza na walio karibu naye. Nawe kijana, ukiulizwa unaweza nini, eleza ulichokifanya, ulipokosea na ulivyorekebisha. Hayo hayamo kwenye bahasha.