Mwenza akihamishiwa kazi nje ya nchi: mambo ya kukamilisha kabla ya kufunga mizigo

Barua ya uhamisho ikifika nyumbani, familia nzima hufurahi, lakini jina lililoandikwa ndani yake ni la mtu mmoja. Mke au mume anayefuata nyuma, pamoja na watoto, hawana barua. Katika makala hii tunaeleza wanachopaswa kukiandaa, kwa sababu wao ndio hukwama mara nyingi.

Kwa sisi wa Ibaba, nje ya nchi si mbali. Mtu anashuka Isongole na kuingia Chitipa, Malawi, au anapita Tunduma na kuingia Nakonde, Zambia. Wengi tumezoea kuvuka kwa msiba, kwa biashara ndogo au kusalimia ndugu, kisha tukarudi. Kwa hiyo mwenza akihamishwa na kampuni ya malori, benki, shirika la dini au reli ya TAZARA, ambayo ni mali ya Tanzania na Zambia, tunadhani kuhamia huko ni safari kama zile. Kuna tofauti kubwa. Ruhusa ya kutembelea haikupi haki ya kuishi huko, na kibali cha kuishi peke yake si lazima kikupe haki ya kufanya kazi.

Cheti cha ndoa kwanza

Ili upate kibali kama mwenza wa mfanyakazi, utatakiwa kuthibitisha kwamba ni mwenza wake kweli. Wazee waliopokea mahari wanaijua ndoa yenu, lakini afisa wa nchi nyingine anataka karatasi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ya kidini na ya kimila. Kwa ndoa ya kimila, inawataka wanandoa waombe kuisajili ndani ya siku 30. Wengi vijijini hawakufanya hivyo. Kutosajili hakuvunji ndoa, ila kunawaacha bila cheti siku mnapokihitaji.

Nendeni wote wawili ofisi ya mkuu wa wilaya, Itumba, mkaulize utaratibu wa kusajili ndoa iliyochelewa. Chukueni vitambulisho na barua ya mtendaji wa kijiji, na muwe na mashahidi wanaoweza kuitwa. Kama mlifunga ndoa kanisani au msikitini na cheti kimepotea, anzieni pale mlipofungia ili mpate kumbukumbu zake.

Pasipoti yako, mkononi mwako

Kila msafiri anahitaji pasipoti yake, hata mtoto mchanga. Tangu mwaka 2018 Tanzania inatoa pasipoti ya kielektroniki, na maombi huanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji. Andaa kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, picha, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo. Ada ya pasipoti ya kawaida imekuwa shilingi 150,000, kwa hiyo familia ianze kuweka akiba mapema. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu. Usimpe dalali fedha mkononi.

Linganisha majina kwenye karatasi zako zote. Cheti kikisema Anna na NIDA ikisema Ana, rekebisha sasa, maana marekebisho huchukua muda kuliko maombi yenyewe. Kwa watoto, angalia vyeti vyao vya kuzaliwa. Mzazi mmoja akisafiri na mtoto peke yake, awe na ridhaa ya maandishi ya mzazi mwenzake.

Ukishapata pasipoti, itunze mwenyewe. Ni yako, hata kama mwenza wako ndiye aliyeilipia.

Kibali kinasema nini kuhusu wewe?

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mfanyakazi haki ya kufuatana na mwenza na watoto wake, na inawaruhusu nao kufanya kazi. Zambia na Malawi hazimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ziko nasi katika SADC, ambako hakuna haki kama hiyo. Huko itategemea sheria ya nchi husika na kibali utakachopewa.

Kwa hiyo kabla mwenza wako hajasaini, mwajiri aulizwe maswali haya na majibu yaandikwe:

- Nani analipia vibali vya mwenza na watoto?
- Je, kibali cha mwenza kinamruhusu kufanya biashara au kuajiriwa?
- Nyumba, matibabu na ada za shule vimo katika mkataba?
- Kazi ikiisha, au mfanyakazi akifariki, nani atairudisha familia nyumbani?

Swali la mwisho ni zito kulitamka, lakini liulizwe. Kibali chako kikitegemea kazi ya mwenza wako, kazi ile ikiisha nawe hadhi yako inatikisika. Uwe na akiba kidogo ya nauli kwa jina lako.

Kama nawe umeajiriwa hapa nchini, usiondoke kimyakimya. Kutoonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa kunaweza kukufukuzisha. Omba kwa maandishi likizo bila malipo, au acha kazi kwa kufuata taratibu.

Shamba usiliache bila mtu

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kimila inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa isipotumika kwa miaka mitano au zaidi. Inamtaja pia mtu asiyetegemea kilimo au ufugaji aliyetoka nje ya nchi bila kuacha msimamizi na bila kuitaarifu halmashauri ya kijiji.

Chagua msimamizi wa shamba la kahawa au viazi. Andikeni makubaliano mbele ya mtendaji na mashahidi: analima nini, mavuno mnagawana vipi, na kwamba hana ruhusa ya kuuza. Waage pia viongozi wa VICOBA au AMCOS, mkamilishe hesabu zenu.

Shule na dawa

Zambia huanza mwaka wa shule Januari kama sisi, Malawi huanza Septemba. Mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne ni vizuri amalize mtihani kwanza. Kwa wengine, chukueni barua ya uhamisho na ripoti za shule.

Bebeni kadi za kliniki, na muulize mapema kuhusu chanjo ya homa ya manjano. Anayetumia dawa kila siku aombe kituo cha afya kimpe barua ya rufaa na dawa za kutosha hadi apate kituo kipya.

Siku ya kuvuka

Tunduma na Nakonde wana kituo cha pamoja cha mpaka tangu 2019, hivyo muhuri wa kutoka na wa kuingia hupatikana mahali pamoja. Hakikisha kila pasipoti imegongwa na soma siku ulizopewa. Badilisha fedha benki au duka lenye leseni. Mkishafika, jiandikisheni ubalozi wa Tanzania, ulioko Lusaka kwa Zambia na Lilongwe kwa Malawi.

Kama muda ni mfupi, anza na cheti cha ndoa na majina kwenye vyeti vya kuzaliwa. Mfanyakazi anaweza kutangulia, familia ikafuata baada ya miezi michache karatasi zikiwa kamili.