Mchanga mweusi wa Nyasa: sumaku kwanza, bei baadaye

KYELA – Michirizi ya mchanga mweusi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa si bidhaa moja. Anayenunua kwa kutazama rangi tu huenda akalipia titani akapewa chuma.

Mito ya Kiwira na Mbaka hushuka kutoka nchi ya volkano ya Rungwe ikibeba magnetiti, ambayo hunaswa na sumaku ya kawaida. Ilmeniti, yenye chuma na titani, huvutwa kwa unyonge. Huhitaji sumaku kali ya kiwandani. Ikiwa safi ina asilimia 52.6 ya oksidi ya titani, malighafi ya rangi nyeupe ya kupaka ukutani.

Umri nao huongeza thamani. Maji ya ardhini huondoa chuma taratibu, titani ikabaki; ilmeniti hugeuka liukoksini, ambayo oksidi yake ya titani huweza kupita asilimia 70.

Huko Liganga, wilayani Ludewa, titani imo ndani ya mwamba wa chuma, na humtatiza myeyushaji tanuruni. Kwale, Kenya, ilmeniti ya mchangani ilichimbwa tangu 2013 hadi Desemba 2024.

Kwa mnunuzi wa Kyela, mazungumzo ya bei yaanze na cheti cha maabara.