Mtahiniwa wa Uhasibu na Afunge Kitabu

Kila mwaka, mwezi Mei na mwezi Novemba, wako ndugu zetu wa mkoa huu wa Tanga wanaoomba ruhusa makazini ili wakakalie mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Ni makarani wa bandarini, wasaidizi wa hesabu katika halmashauri, watunza leja wa mashamba ya mkonge. Matokeo yatokapo wengine hushangilia, na wengine huyasoma kimya kimya, kisha wakaanza kudunduliza ada ya kurudia.

Jambo hili si la mtu binafsi peke yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki na makampuni makubwa yalipokuwa mali ya umma, nchi ilijikuta na mali nyingi kuliko watu wa kuzihesabu. Sheria Namba 33 ya mwaka 1972 ndiyo iliyoanzisha Bodi, ili asijitokeze tu mtu na kalamu yake akajiita mhasibu. Hata leo chama cha ushirika kisicho na mtu wa kufunga hesabu zake sawasawa humsubiri mgeni aje kukiambia fedha zake zimekwenda wapi, na mara nyingi huambiwa zimekwisha kwenda.

Kwa hiyo tumeona inafaa tuseme machache juu ya namna watahiniwa wetu wanavyojiandaa. Hatuwatuhumu uvivu. Tulizungumza pale Ngamiani na ndugu mmoja ambaye amekwisha kukaa mara tatu kwenye somo moja. Kitabu chake kilikuwa kimepigwa mistari ya rangi tangu jalada hadi jalada, naye alikuwa amekisoma chote mara nne. Tulimwomba akifunge, atuandalie taarifa ya mtiririko wa fedha kwenye karatasi tupu. Alianza vizuri: akashika faida, akairudishia gharama ya uchakavu. Alipofika kwenye ongezeko la wadaiwa, kalamu ilisimama. Aongeze au apunguze? “Nikiiona naijua,” alituambia.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Kukijua kitu unapokiona si sawa na kukitoa kichwani wakati hakipo mbele yako, na chumba cha mtihani hudai hilo la pili. Angalijiuliza wadaiwa kuongezeka maana yake nini, angalijijibu mwenyewe: bidhaa imekwenda, faida imeandikwa, lakini fedha haijaingia mkononi, basi hupunguzwa.

Sisi tuliokalia jamvi la chuoni utotoni tunakumbuka kwamba mwalimu hakutuuliza tumesoma mara ngapi. Alisema, “Haya, soma,” naye akafumba macho kusikiliza. Aliyekwama alirudishwa kwenye la jana, na la juzi lilisomwa tena kabla la leo halijaguswa. Tukiri pia upungufu wake: wengi wetu tulihifadhi mengi kabla ya kujua maana ya neno hata moja, na uhifadhi wa namna hiyo haumfai mhasibu, kwa sababu mtahini hubadilisha swali. Lakini ule utaratibu wa kutoa kichwani na kurudia kwa nafasi ulikuwa sahihi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi mtu anavyosahau upesi asiporudia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapima wanafunzi kwa njia mbili. Baada ya dakika tano, waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi. Baada ya juma moja, waliofunga karatasi na kujaribu kukumbuka ndio waliowashinda. Mtahiniwa wetu, kwa bahati mbaya, hujipima zile dakika tano.

Karatasi za mitihani iliyopita zipo, pamoja na majibu yaliyopendekezwa. Kosa la wengi ni kusoma swali na jibu lake pamoja, kama mtu asomaye hadithi. Jibu na lifungwe mezani mpaka kazi iishe. Na ifanywe kwa mkono, kwa saa. Karatasi ya muda wa saa tatu yenye alama 100 humpa mtu dakika 1.8 kwa kila alama; swali la alama 20 lina dakika 36, basi. Wako wanaotumia saa nzima wakiitafuta mizania iliyokataa kulingana, huku swali zima la mwisho likibaki jeupe. Dakika zikiisha, acha nafasi, songa mbele.

Tena watahiniwa wajihadhari na vivuli vya zamani vinavyorithishana mikononi. Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha mwaka 2004, na viwango hivyo hubadilika. Kwa mfano, tangu Januari 2019 kiwango namba 16 humtaka mpangaji aonyeshe kwenye mizania haki yake ya kutumia mali aliyokodi pamoja na deni lake, isipokuwa mikataba mifupi na vitu vya thamani ndogo. Mwenye kivuli cha zamani atajibu vizuri kabisa swali ambalo halikuulizwa.

Lugha nayo ni kikwazo, maana mtihani ni wa Kiingereza. Tunashauri mtu amweleze mwenzake jambo kwanza kwa Kiswahili mpaka mwenzake aridhike, kisha aliandike kwa Kiingereza siku hiyo hiyo. Vikundi vya watu watatu vinatosha. Cha watu kumi huwa baraza la kahawa.

Tumalizie kwa waajiri. Ruhusa ya juma moja kabla ya mtihani ni ya kushukuriwa, lakini huja wakati wa kurudia umekwisha kupita. Ofisi zenye watahiniwa ziwaachie saa moja ya jioni tangu miezi minne kabla, na halmashauri itoe chumba kimoja chenye taa, meza, saa ya ukutani, na mtu wa kukusanya karatasi muda unapokwisha.